Upande wa Pili wa Karatasi

Mthibitishaji alifika Jinja Jumanne, saa tatu asubuhi,
viatu vimefutwa mara mbili, begani mkoba wa kompyuta.
Bwana Ssekitoleko: mpole, mwenye kikohozi.
Alikataa soda. Aliomba kiti kisicho na mafuta,
kisha akaomba moshi.

Si moshi wenyewe; huo ulishapaa zamani
juu ya Masese, juu ya nguo za watu kambani.
Aliomba hesabu yake: tani ngapi za hewa ukaa
kwa kila tani ya nondo tuliyopakia
kwenda huko Ulaya, ambako mpaka sasa una mizani mbili,
ya chuma, na ya pumzi ya chuma.

Nikamwonyesha lundo la chakavu.
Vitanda vya bweni, chesi ya lori, majembe yaliyolika hadi shingoni,
mlango wa duka ambao bado unasema *Leo hakuna mkopo.*
"Hivi huanza na sifuri," alisema. "Kanuni ndivyo ilivyo."
Nilifurahi. Wapi pengine duniani
mtu huingia langoni na kutu yake yote
akaambiwa, ya nyuma si yako?

Nikamwonyesha mita ya umeme.
Mto unafanya kazi pale chini, hautoi jasho jeusi.
Aliandika. Nusura atabasamu.

Halafu: "Na umeme ukikatika?"

Mimi ni Nangobi, mtunza stoo ya dizeli.
Daftari langu ni la shule, kurasa tisini na sita,
nyuma lina jedwali la kuzidisha.
Kila lita niliyoipimia jenereta imo humo
kwa kalamu ya bluu, au ya risasi, bluu ikigoma.
Machi: usiku wa tatu. Wa tano. Wa kumi na moja.
Kisha wa kumi na tisa,
na katikati, ukingo wa karatasi iliyochanwa,
meno madogo madogo.

Meneja akanikazia macho.
"Pasipo rekodi," alisema mgeni, bila ukali,
kama daktari anayekuomba ukae kwanza,
"tunaweka kadirio. Nalo huwa zito
kuliko moshi wowote mliowahi kuutoa."

Nikaomba ruhusa, nikapanda boda hadi hospitali ya rufaa.

Kwa maana nilijua ilipo.
Usiku ule taa zilizimika chuma kikiwa bado uji;
Mukose akaikimbilia pampu gizani
na tanuri likamtemea.
Hapakuwa na karatasi nyingine ya kumpelekea nesi
jina, umri, simu ya mkewe.
Nikachana iliyokuwa mkononi.

Karani wa mafaili alitafuta hadi saa nane.
Ilikuwa humo, imebanwa kwa pini iliyoshika kutu.
Upande mmoja, mwandiko wangu:
*Dizeli, lita 210. Saa 2:40 hadi 9:15 usiku.*
Upande wa pili, chini ya jina, mwandiko wa nesi:
*Mkono wa kulia, kifua. Asilimia 14 ya ngozi.*
Miezi saba namba hizo zimelala mgongo kwa mgongo.

Ssekitoleko aliisoma akiwa amesimama.
Akaigeuza. Akakohoa.
Akaigeuza tena, akailaza mezani,
akapiga picha upande mmoja.

"Inatosha," alisema, na kweli ilitosha:
nondo zilivuka. Cheti kimetundikwa ofisini, kina fremu.

Mukose siku hizi yuko getini,
anainua kizuizi kwa mkono wa kushoto.
Juzi aliniuliza huo moshi ulipimwaje.
Nikamweleza: lita, mara namba fulani, gawa kwa tani.
"Namba fulani," akarudia, lori likipita katikati yetu.
Vumbi lilipotua akauliza,
"Na ile karatasi? Umeirudisha?"

Nikasema ndiyo.

Sijairudisha. Imo kwenye droo yangu, ndani ya daftari.
Mwakani wanakuja tena,
na safari hii nitailaza mezani mimi,
upande ninaoutaka juu.